Kikohozi na Kigoda

Baba, shikamoo.

Siku tulipokuzika kijijini Yakobi, watoto wa jirani waligoma kuondoka kaburini. Walisema mzee wa mazingaombwe lazima atatoka. Mama akawaondoa kwa upole. Mimi nilibaki nikijidai napanga maua, kumbe na mimi nasubiri.

Jumapili nilikwenda Makambako, kwenye sikukuu ya mavuno uliyowaahidi watu wa huko kabla hujalazwa. Nilishaamua: nikishindwa, sanduku lako la mazingaombwe nalichoma, narudi kulima viazi. Nilianza kama ulivyoanza siku zote, nikawafichulia siri ya mchezo mmoja ili bibi wa mstari wa mbele asiniite mchawi. Wakacheka, wakalegea.

Kikaja kiazi cha kugeuka kifaranga. Unaujua ugonjwa wangu: macho hukimbilia mfuko nilikoficha kifaranga. Miaka yote umenigombeza: "We mwanangu, acha kuangalia mfuko. Watu wanaangalia unapoangalia wewe." Ulipochoka ukawa unakaa kwenye kigoda kushoto kwangu, na macho yangu yakienda mfukoni, unakohoa. Ndiyo ilikuwa ishara yetu.

Mwaka huu ulikohoa sana, Baba. Nami nikazidi kurekebisha macho. Nyumbani, jikoni, ukikohoa nilikujibu kwa utani kwamba leo sina mfuko. Nilipokufikisha hospitali ya Lugarawa, daktari aliniuliza tulikuwa wapi muda wote huo. Sikuweza kumwambia kwamba nilidhani unanifundisha.

Basi pale Makambako, kiazi mkononi, kofia mezani, mtu akakohoa upande wa kushoto. Niligeuka. Kigoda chako nilikuwa nimekibeba kwa mazoea tu, kipo pale, kitupu. Watu wote wakageuka nami. Mkono ukafanya kazi yake wenyewe. Nilipoinua kofia kifaranga kikalia, na makofi yakapigwa mpaka bibi yule akasimama. Mchezo haujawahi kunikaa vizuri hivyo, na ulifanikiwa kwa sababu wewe hupo. Nililia mbele ya watu, nao wakadhani ni sehemu ya mchezo.

Nisamehe, Baba.

Sanduku sitalichoma. Kigoda nitakibeba popote niendapo. Ila tangu sasa sina ishara ya kukohoa. Akikohoa Mama, au mgeni wa mstari wa nyuma kabisa, nitaweka kiazi chini nimuulize anaumwa nini.

Pumzika, mwalimu wangu. Nilichelewa kukusikia.

Mwanao,
Tumaini