Pazia Limekwenda Saba Saba

Mama, shikamoo.

Maharage yako jikoni, yameiva. Kuku nimewafungulia. Pazia la mlangoni usilitafute, limekwenda Mikumi kwenye Saba Saba.

~~Tafadhali usikasirike.~~ Kasirika kidogo, halafu ucheke.

Asubuhi Hilda alijaribu sare ya ngoma. Si unajua kijiji kiligawa kitambaa, kila mwanamke kipimo kilekile, eti usawa? Gauni likagoma kiunoni. Akalivua, akasema haendi: "Wageni wa Kilosa hawakuja kutazama unene wangu." Na yeye ndiye anayeanzisha nyimbo! Nikamtungia ubeti papo hapo. Raheli akanikata: "Kaka, weka kando mashairi, leta mkasi."

Wakakata pazia, gauni la Hilda likatiwa vipande vyekundu ubavuni. Kisha Raheli, mwembamba vile, akatia vyekundu kwenye lake pia, dada yake asiwe peke yake. Hilda akacheka mpaka akakaa chini.

"Mdogo wangu, umevaa hema! Libane hilo."

"Silibani."

"Haya. Langu limenikaa, wallahi!" Akazunguka mbele ya kioo, akazunguka tena. "Leo nasimama mstari wa mbele."

Lori litarudi kuwachukua wazazi saa sita. Panda, Mama, usikose. Na ubeti wangu huu hapa, usiwashie moto:

*Dada Hilda akicheza, uwanja huitikia,*
*Mwili wake wapendeza, nani wa kumzuia?*

Utawaona wote wawili kwa mbali. Wamevaa mlango wako.

Mwanao, mshairi wa nyumba hii