Baba Mkwe Amekodi Hodhi, Nami Nina Siri Kichwani

Mpendwa mshauri Bi Hamanaka, naomba msaada wako na naomba unijibu upesi, maana siku yenyewe ni Jumamosi na mimi tangu jana chakula hakipiti.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, nauza miwani hapa Takasaki, sinywi nikaanguka, sina mtoto wa nje, kasoro yangu ni moja tu nayo iko juu kabisa, sina nywele, zilianza kunitoka nikiwa chuoni na dada yangu alipoolewa zilikuwa zimeshaniaga zote, ndipo nikanunua wigi, tena mawili, fupi na refu, yote ya kubandika kwa gundi, nayabadilisha ili watu wadhani nimetoka kwa kinyozi, na mchumba wangu Kanae, ninayempenda kuliko maelezo, hajui mpaka leo, akinyoosha mkono anipapase kichwa naudaka na kuubusu, naye huwaringia shoga zake kwamba amepata mwanamume wa mahaba.

Sasa baba yake, Mzee Kuwabara, ni fundi wa mikeka aliyestaafu, na ana msemo wake kwamba mtu akiwa ndani ya suti hujamwona bado, kwa hiyo mkwe wake wa kwanza alimpeleka kwenye nyumba ya wageni ya maji moto kule milimani, wakasuguana migongo, wakatoka yule bwana anaitwa mwanangu, na mwezi uliopita ikawa zamu yangu, tukaenda sisi wanne, mimi na Kanae na wazazi wake, hata chai ya kukaribishwa haijapoa mzee ameshavaa yukata, lile joho jepesi la kwendea kuoga, na kitambaa kiko begani.

“Haya, bwana mdogo, twende tukasuguane migongo.”

“Tangulia tu, baba, tumbo linanivuruga.”

Maana wewe unajua, mshauri, humo wote mko uchi, na huingii majini kabla ya kukaa kwenye kigoda na kujisugua kuanzia utosini, na jirani yako anakuona, na shampuu iko pale inakutazama.

Akarudi mwekundu kama kaa wa kuchemsha, akauliza, “Tumbo je?”

“Tumbo limetulia, baba, sasa ni bega.”

“Bega!” akasema mama yake Kanae. “Si ndiyo dawa yake haya maji? Wameandika pale ukutani, mabega, magoti na kukosa choo.”

“Ni mabega ya kawaida hayo, mama. Langu lina mambo yake.”

Kanae akanifinya chini ya meza, wazazi wakatazamana, nami nikajiona mjanja.

Jioni chakula kikaletwa chumbani, samaki, uyoga, na kijungu cha nyama juu ya kimoto chake, na kando ya bakuli langu la wali kulikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri, ndani yake plasta kubwa kubwa za rangi ya ngozi, na mama mwenye nyumba mwenyewe akapiga magoti akaninong’oneza, “Hizi ni ili mgeni wetu naye aoge kwa amani,” nami moyo ukanijaa, nikasema jamani, watu wa kuwajali wageni hawa, wamesikia habari za bega langu, nikashukuru kwa sauti, nikafungua kola ya yukata, nikajibandika moja kutoka begani hadi shingoni, nikaomba na ya pili.

Mzee akaweka vijiti vyake chini.

“Kumbe mpaka shingoni,” akasema mama.

“Linashuka hadi mgongoni, mama. Siku za baridi ndiyo usiseme.”

“Tangu lini?” akauliza mzee.

“Tangu ujana, baba. Nilikuwa na kundi moja hivi la kucheza besiboli, tulikuwa hatujali miili yetu. Wenzangu wengine wana makubwa kuliko langu.”

“Kundi,” akasema mzee, na baada ya hapo hakuna aliyesema tena ila kuomba kupitishiwa chumvi, na kesho yake tulirudi ndani ya gari kama watu wanaotoka mazikoni.

Kurudi nyumbani, Kanae akanipigia simu analia, ndipo nikaelewa, mshauri, kwamba plasta zile ni za kufunika tatuu, maana wenye tatuu hawaruhusiwi kuoga pale kwa kuhofiwa ni watu wa magenge, na kwamba wazazi waliponiona nakwepa maji walishajua ninaficha nini, na mama yake ndiye aliyekwenda kuziomba zile plasta kwa siri, kwa huruma.

“Niambie tu ukweli,” akasema Kanae. “Ni joka au ni samaki?”

Nikafungua kinywa niseme wigi, nakuapia, nikasikia kinasema, “Joka. Lakini dogo.”

Akapenga kamasi, akasema ananipenda hivyo hivyo, halafu akaniuliza kama nimewahi kushika upanga, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nikimweleza habari za miwani.

Jana amepiga mzee. “Nimekodi hodhi la faragha, kulekule,” akasema. “Jumamosi saa kumi jioni, mimi na wewe tu, mlango unafungwa kwa ndani. Hakuna atakayekutoa. Nataka nilione hilo joka, ndipo nikupe jibu la binti yangu.” Akakata simu.

Mshauri, kuna fundi wa tatuu kule Maebashi anasema anaweza kunichora joka kwa siku moja, la ukubwa wa kiganja, kisha kichwa nitasema daktari amekikataza maji, kwa hiyo naomba uniambie, nikachorwe ili nisiwe mwongo, au niuvunje uchumba kwa heshima zote?

Mimi, Mwenye Bega, Takasaki

*

Mwenye Bega,

Pole. Barua yako niliisoma kwenye treni nikapitiliza kituo, na mzee wa kiti cha mbele akaniuliza kama naumwa.

Sasa tuzungumze. Fundi wa Maebashi mwache apate riziki yake kwa wengine. Unataka kuchorwa joka la kudumu maisha yako yote ili kuficha upara, halafu ukiulizwa na wanao utawaambia nini? Uongo hauwi kweli kwa kuchanjwa kwenye ngozi. Wewe ulianza na tumbo, ukaja bega, ukaja joka, na ukiachwa mpaka Jumamosi ya pili utakuwa umeua mtu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao hawakuwa na habari ya hodhi lako.

Leo hii, ukimaliza kusoma gazeti, nenda kwa Kanae. Si simu, nenda. Livue wigi mbele yake, kisha ufunge mdomo. Atacheka, na akicheka mwache, maana machozi aliyolia kwa ajili yako yanamdai kicheko. Akikasirika, ana haki pia: kosa lako kwake si nywele, ni ile mikono uliyokuwa ukiidaka. Mwombe radhi kwa hilo. Jiandae pia kwamba joka litamuuma kidogo kulipoteza, ila mwanamke husahau joka haraka akipata mume wa kweli.

Jumamosi usilichukue wigi hata kwenye mkoba, ukilichukua utalivaa. Vaa kofia ya sufi, milimani kuna baridi. Mama mkwe mpelekee keki za maharage, yule ndiye rafiki yako mkubwa katika nyumba ile na hukumjua.

Na neno la mwisho, maana naona katika kuhangaikia kichwa chako hukumtazama mzee hata kidogo. Yeye anaamini kabisa kwamba wewe ni mtu wa genge. Baba mwingine angebadilisha namba ya simu. Huyu ametafuta mahali penye mlango wa kufungwa usije ukafukuzwa mbele za watu, na yuko tayari kukaa humo peke yake na jambazi, uchi, ana kitambaa tu mkononi, kwa sababu binti yake anakupenda. Ameshakupokea ukiwa mbaya kuliko ulivyo. Nenda kaoge.