Taa ya Mama na Anayesimama Mlangoni

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Habari za huko kwenye baridi? Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, maana juzi kwenye simu ulikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua anayejifanya hana. Wifi yangu hajambo? Watoto nao, wameshaota meno ya mbele? Sisi huku tu wazima. Mama ni mzima wa miguu, wa macho, na wa ulimi kuliko vyote. Masikio tu ndiyo yamemuaga.

Ninakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Ukisikia neno bodi au programu hunipi nafasi ya kupumua. Leo utakaa kimya na kusoma mpaka mwisho.

Unakumbuka nilikwambia muuguzi wa zahanati alikuja kumpima Mama presha akaondoka bila kufunguliwa? Alirudi wiki iliyofuata, mambo yakawa yaleyale. Mimi nilikuwa karakana, nimeingiza mkono mzima kwenye tumbo la cherehani la mteja. Mama alikuwa ndani, komeo limefungwa, anafuma vitambaa vyake kwa raha zake. Majirani walipoona kimya wakaleta nyundo. Aliinua kichwa na kuona mlango unatikisika, ndipo akaenda kufungua, akawauliza kama wamerukwa na akili.

Habari zikamfikia Kaka Mkubwa. Unamjua na ualimu wake wa hesabu, kila jambo kwake ni mtihani. Akasema Mama ahamie kwake. Mama hakubishana, na hapo ndipo nilipoogopa. Alianza kukunja vitambaa vyake na kuvitia kwenye sanduku kimoja kimoja. Niliumia, mdogo wangu. Nikamwambia Kaka anipe muda, nitatengeneza taa ya kumwashia Mama mtu akija. Akakubali kwa sharti moja: atakuja mwenyewe siku asiyoisema, na Mama amfungulie bila mimi kunyanyuka. Asipofungua, anahama.

Hapo ndipo nilipokupigia, ukataka kunitumia ile kompyuta nzima ya ukubwa wa kiganja, yenye kumbukumbu na mtandao na sijui nini. Moyo wako ni mwema na Mungu anauona. Lakini kuwasha taa moja kwa kitu kile ni kukodi lori la kubebea ndoo ya maji. Tena ikiungua mikononi mwangu ningelia wiki nzima.

Nilikwenda kwa mzee wa duka la vipuri, yule tunayemwita Babu Waya. Alinitandikia mezani vitu vitatu vya kuongozea taa. Cha kwanza kilikuwa kipande cheusi chenye miguu minane, rahisi ajabu, nikakidaka mara moja. Akanipokonya. "Hicho hakina mdomo, mama," akasema. "Utakilishaje maagizo? Itabidi ununue na kifaa kingine cha kukilisha, na hicho kifaa ndicho ghali." Cha pili kilikuwa bodi, kibao kidogo cha kompyuta, yenye mtandao. Akaniuliza, "Unataka ifanye nini?" Nikamwambia iwashe taa. "Basi mtandao wa nini? Taa itaongea na nani?"

Nikabaki na ya tatu, bodi ya bluu ndogo kama kiberiti, yenye tundu lake la kebo, bei yake haifiki pakiti mbili za sindano za cherehani. Nilichukua mbili, kwa kuwa najijua. Tena nilimuuliza swali ambalo nawauliza hata wanaonunua cherehani: ikiharibika, nani hapa mtaani anaijua? Akajinyooshea kidole mwenyewe, halafu akamtaja yule fundi simu, jirani yangu. Hilo ndilo lililonimaliza. Programu ya kuandikia maagizo ni ya bure, niliishusha kwenye ile laptop uliyoniachia yenye herufi zilizofutika.

Sasa nisikilize na usicheke. Siku mbili nzima laptop haikuiona bodi. Nilichomeka, nikachomoa, nikazima, nikawasha. Nikaitukana bodi, nikamtukana Babu Waya bila yeye kuwepo, na nilikuwa nimeshavaa viatu niende nikamwage radhi dukani kwake. Fundi simu akanizuia mlangoni, akatazama kebo yangu. "Hii ni ya kuchajia tu, dada. Ndani haina nyaya za kupitisha maneno." Akaniazima yake, ikakubali papo hapo. Nilirudi nikaiomba bodi msamaha kwa sauti. Ukimsaidia mtu yeyote kuanza mambo haya, mwambie aanze na kebo.

Kale kataa kadogo ka kwenye bodi kalipoanza kuwaka na kuzima kwa maagizo yangu, nilimwita Mama aone. Akakatazama, akauliza, "Kanafanya kazi gani?" Nikamwandikia kwenye daftari letu kwamba kanawaka na kuzima. Akarudi kwenye uzi wake. "Hata balbu ya chooni inafanya hivyo."

Basi, nikafuata masomo ya mtandaoni. Kila somo lilisema bandika kidude cha kuhisi mtikisiko mlangoni, mgeni akigonga, taa inawaka. Nikakibandika kwa gundi, nikalehemu nyaya, vidole viwili vikaungua, taa nikaiweka ukutani mbele ya kiti cha Mama. Nikatoka nje nikagonga. Ikawaka. Nikagonga mara arobaini, na mara arobaini ikawaka. Siku hiyo nilitembea kama nimeokota dhahabu.

Jumamosi Kaka Mkubwa akaja. Nilikuwa chumba hiki cha nyuma, mlango wake wazi, nikasikia hatua zake, nikajisemea mtihani huo, na jibu ninalo. Akasimama mlangoni, akakohoa, akaita:

"Hodi!"

Taa kimya. "Hodi humu ndani!" Kimya. Mara ya tatu mpaka jirani akamwitikia. Mama anafuma. Mimi nimekaa kitandani nauma mto kwa hasira, maana hapo ndipo nilipong'amua upuuzi wangu. Ni nani katika familia hii amewahi kugonga mlango? Mama mwenyewe alitufundisha kwamba anayegonga mlango wa mtu amekuja kugombana naye. Muuguzi wa zahanati anapiga hodi. Muuza maziwa anapiga hodi. Ukiacha majirani na nyundo yao, mtu pekee aliyewahi kuugonga mlango ule ni mimi, nikiijaribu taa yangu!

Nilimfungulia Kaka. Angenikaripia ningepumua. Alinitazama kwa huruma tu, akasema, "Umejitahidi, mdogo wangu." Nikamwomba Jumamosi moja zaidi. Akatazama sanduku la vitambaa, akakubali.

Najua ungesema nini: nunua bodi kubwa yenye kusikia maneno, uifundishe neno hodi. Nilifikiria. Kwanza nilijaribu kidude cha kusikia sauti, kikawashwa na redio ya jirani, jogoo wake na chafya yangu. Nikakitoa. Kisha nikakaa kizingitini na kikombe cha chai nikawatazama watu wanavyoingia nyumba za jirani. Anayepiga hodi hufanya nini? Husimama. Haendi mbele wala nyuma, anasubiri kukaribishwa.

Nikarudi karakana, kwenye kazi ninayoijua. Nilichukua zile karatasi za kung'aa za kufungia chakula, mbili, katikati nikaweka sponji niliyoitoboa matundu. Ukikanyaga, karatasi zinagusana kupitia matundu na umeme unapita. Nikazishonea ndani ya kizulia cha mlangoni kwa cherehani langu la kushonea ngozi, mshono ambao hata wewe hungeona unaanzia wapi. Bodi ni ileile ya bluu. Nilibadilisha mistari michache tu ya maagizo: mtu akisimama kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, taa iwake. Paka akipita, isijisumbue.

Jana Kaka akaja. Nikasikia hatua, nikasikia kikohozi. Nikaanza kuhesabu na moyo wangu ukahesabu haraka kuliko mimi. Akavuta pumzi aseme hodi, na kabla neno halijatoka komeo likalia na mlango ukafunguka. "Karibu mwanangu," Mama akasema. "Mbona umeachama?"

Aliingia, akanywa chai, akatoka tena, akasimama kwenye kizulia, akaingia. Mara tano, mtu mzima yule na mvi zake. Mwisho akalivuta lile sanduku, akalifungua, akamrudishia Mama vitambaa vyote mapajani. Mimi nililia, sioni haya kukwambia.

Ile bodi ya pili niliyonunua bado iko kwenye pakiti yake. Kaka ameiomba, eti ni ya mlango wake, kwa ajili ya mkewe. Mkewe anasikia vizuri kabisa, kwa hiyo mimi sijauliza zaidi.

Kaka anakusalimu, na mkewe. Fundi simu na Babu Waya wanakusalimu, ingawa hawakujui. Wabusu watoto, waambie shangazi yao ameungua vidole lakini bado anafinya vizuri. Mungu akulinde, akupe kazi isiyokuumiza na usingizi usio na mawazo.

Jambo moja la mwisho. Tangu jana kila taa inapowaka, Mama husema, "Huyo ni kitindamimba wangu," ndipo anainuka kwenda kumfungulia muuza maziwa. Kwa hiyo siku ukija, usipige simu na usiite. Simama tu pale kwenye kizulia, uhesabu mpaka tatu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu barua.