Kambale Amepakiza Bwato Kama Camion

Katungu mudogo yangu,

Nakusalimia weye na nyumba yako yote ya Musienene. Mugongo inaendelea namna gani? Ile kikohozi ulikuwa unanificha kwa simu, niliisikia, usinidanganye. Sisi tuko bazima mupaka leo. Masika, mujukuu yangu, ndiye anaandika. Mimi nasema, yeye hapana ruhusa ya kutengeneza maneno yangu.

Njia ya kurudi kwetu kupitia Kayna ingali imefungwa, na hapa Kalemie Kambale amechoka kungojea. Rafiki yake mucuruzi alimuita Zambie kwa biashara, donc kesho asubuyi tunapanda bwato ku ziwa: Kambale, muke yake, Masika, katoto kabo kachanga na mimi. Bwato haiko na moteri. Ni mbao na tanga, na tanga yenyewe ni bashi, zile turubai za kufunika mizigo ya camion, zenye kushonwa pamoja. Upepo ukikubali, ni juma moja. Ukikataa, hakuna mutu anajua.

Sikia sasa kile kinanikula roho. Unajua Kambale mutoto yangu alikuwa anapakiza ma camion Butembo. Mifuko yake ilikuwa inapanda juu kama nyumba, hata moja haikuanguka, batu bote balimusifu. Basi, leo amepakiza bwato vilevile. Maharagi chini, unga juu, chumvi juu ya unga, na sisi juu ya chumvi. Capitaine anacheka tu, sababu mizigo inaingia mingi: "Papa wa Butembo, weye ni fundi!"

Mimi sikusoma, Katungu, mais nilibeba. Tulibeba viazi pamoja, kamba kwenye paji la uso. Mama alitufundisha nini? Muzigo ukae chini, kwa kiuno. Ukipanda ku mabega, kwenye muteremuko unakusukuma. Ile siku ulivunja jino, ilikuwa juu ya nini? Nilisukuma bwato na mukono moja. Ikalala upande, ikarudi polepole, kama mulevi mwenye kutafuta mulango.

"Kambale, shusha mifuko."

"Mama, hii kazi naijua."

"Unajua barabara. Barabara haitikisike."

"Mama, haujapanda maji hata siku moja."

"Na weye? Ulizaliwa samaki? Mimi nilikuzaa, ningeona."

Batu ba kando balicheka. Yeye hapana. Alishusha mifuko mbili kwa kuninyamazisha. Capitaine akaweka ingine tatu pahali pale.

Utaniuliza kwa nini sibakie. Katoto kanaenda, na mama yake anatapika kwa kuangalia maji tu. Nani atakabeba?

Maisha yote tunafunga mutoto ku mugongo, fundo ya nguvu, asianguke. Leo nimemufunga mbele, ku kifua, na fundo yenye kufunguka ukivuta mara moja. Sijui kuogelea. Nikizama, asizame na mimi. Masika atamufunga ku bidon tupu ya mafuta, yenye kuelea. Tumejaribu mara kumi. Kambale alituona.

"Mama, munafanya nini?"

"Napakiza."

Alienda kukaza kamba zake.

Salimia bwana yako, asiguse mbuzi yangu. Salimia mujane anayelima shamba langu, alime tu. Salimia mama wa kanisa, aombe na sauti, Mungu iko na kazi mingi.

Tukifika, Masika atapiga simu. Simu isipolia, usikubali baseme ni upepo.

Mimi mukubwa yako mwenye kukugombeza na mwenye kukupenda,

Kanyere