Mnara, Huko Kukoje?

Mtani wangu Issa,

Barua hii nimeianza mara tatu tangu asubuhi, na mara zote tatu nimeinuka. Mara ya kwanza nilikwenda kufunga bomba la maji, nikalikuta limefungwa. Mara ya pili nilikwenda karakana kutafuta penseli, kumbe ninayo sikioni. Mara ya tatu hata sijui nilifuata nini. Zainabu, mke wangu, amenitazama akaniambia, baba Hawa, kaa chini au toka humu ndani, chagua moja. Nimekaa. Kwa hiyo usinicheke maneno yakirukaruka. Na ukicheka poa tu, mtani hazuiwi.

Tangu tukuzike Narung'ombe, mikorosho imetoa maua, imezaa, imeokotwa, na sasa mvua za kwanza zimerudi. Kile chumba chako cha kutengenezea redio pale Ruangwa kapanga dada mmoja msusi. Nilipita nikachungulia. Ile picha yako ya ndege bado iko ukutani, kaiacha, kaning'iniza nywele za bandia pembeni yake. Nilitaka kumwambia ndege ile ina mwenyewe. Nikanyamaza, maana siku hizi kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza.

Ndege yetu ya kompyuta ipo pale pale, chumba cha uani. Lile kabati la kukalia rubani nililolichonga kwa mabaki ya mninga halijapinda hata kidogo, na usukani wako wa mabomba ya maji bado unalia ngwii ukivutwa. Mtaani bado wanaiita gemu la wazee. Wewe neno gemu lilikuwa linakupandisha presha. Ulikuwa unasema, gemu ni la kufunga magoli, sisi tunarusha ndege. Kila Jumamosi unakuja hapa Nachingwea na pikipiki kutoka Ruangwa, unavaa shati lako jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, unakaa mbele kama mtu mwenye mshahara wake, wewe ndiye Kapteni, na mimi kwenye stuli nyuma yako ndiyo mnara wa kuongozea ndege. Unauliza, Mnara, huko kukoje? Mimi nasoma hali ya hewa kwenye kioo, nakujibu. Tunaondoka uwanja wa Nachingwea, tunakwenda zetu. Watu wazima wawili, mmoja na mvi.

Sasa tatizo ni mawingu.

Unakumbuka tulikubaliana yale yaliyokuja na programu hayafai, yanafanana na mapovu ya sabuni. Tukasema tutafute mengine. Basi miezi yote hii nimekuwa nikitafuta peke yangu. Nashusha pakeji hii, nairusha siku mbili, naifuta. Ya kwanza ilikuwa na mawingu meupe mno, yamejipanga vizuri kama viti vya harusi. Hakuna mbingu ya namna ile kwetu. Ya pili mtu kaitengeneza nchi ya baridi, wingu moja la kijivu limelala nchi nzima, halina haraka, halina ngurumo, unaruka saa nzima unasikia usingizi. Ya tatu ilikuwa nzuri, Issa, nzuri kweli, mpaka kivuli cha wingu kinapita juu ya mashamba. Nayo nimeitafutia kosa. Nikasema inalemea kompyuta. Zainabu kaniambia mawingu ni mawingu, wewe una lako jambo.

Ninalo. Flashi yako iko kwenye droo ya misumari. Kaka yako aliniletea wiki ile ile ya msiba, ilikuwa kwenye begi lako, umeifunga kwa nailoni, na karatasi juu yake umeandika: Mawingu ya Mnara. Umetengeneza mwenyewe, kimya kimya, na Jumamosi ile ndiyo ulikuwa unaniletea. Miezi tisa nimepita kwenye droo ile nikichukua misumari na sikuigusa. Nilikuwa radhi kupitia mawingu ya dunia nzima, lakini si yako.

Na sababu unaijua. Unaijua wewe, ninaijua mimi, na nilidhani tunaijua wawili tu.

Wewe ndiye uliyenionya. Nilipoweka ile pakeji ya hali ya hewa ya moja kwa moja, inayochukua mvua na jua la kweli kwenye mtandao, nilifurahi kama mtoto wa Idi. Wewe ukaguna. Ukasema programu haina habari za kwetu, inaazima za Mtwara. Mtwara wakianika samaki, sisi humu tunaambiwa jua. Ukasema, Mnara, kabla hujanijibu toka nje kwanza, tazama juu. Nikakutania kwamba Kapteni mzima anaogopa mtandao. Ukacheka, lakini ulilirudia kila wiki: toka nje kwanza.

Jumamosi ile sikutoka nje.

Saa nane mchana ulinipigia kutoka kwa mama yako, Narung'ombe. Hukusalimia. Uliuliza kwa ile sauti yetu, Mnara, huko kukoje? Nilikuwa nimekaa kwenye ndege, pazia nimeshusha ili kioo kisimulike, feni inazunguka. Mbele yangu Nachingwea yote ilikuwa na jua. Nikakujibu kama tunavyojibizana siku zote: huku kweupe pe, Kapteni, njoo. Ukasema haya, nakuja. Ndiyo maneno ya mwisho.

Sijui kama ulikuwa unacheza au ulikuwa unauliza kweli. Hilo ndilo linaloniinua kwenye kiti. Nikisema ulikuwa unacheza, napata nafuu nusu saa. Halafu nakumbuka kwamba wewe, mtu wa kutazama juu kuliko wote ninaowajua, usingeuliza bure.

Haikupita hata saa nzima mvua ikaanza kugonga bati langu. Si manyunyu, mvua yenyewe. Na kwenye kioo bado jua. Nilisikia, Issa. Ningeweza kukupigia. Nikasema moyoni, mtani ana akili zake, atajibanza kibanda cha watu mpaka ipite. Nikaendelea kurusha ndege. Jioni ndipo walipopiga watu wa kwenu, kwamba pikipiki imeteleza kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu, na watu waliokuwa wanatoka mashambani wamekukuta mtaroni, na wamechelewa.

Msibani nilikuja kama mtani, na kazi ya mtani unaijua. Wenzangu walishalala njiani kuzuia jeneza lisipite, wamevaa magunia, wanadai Issa bado ana redio zao hajazirudisha. Watu wanalia, watu wanacheka. Halafu wakaniita. Mnara, tuletee Kapteni. Wakanivika shati lako lenye mistari. Nikatembea kama wewe, mkono mmoja mfukoni, shingo imenyooka kama bata kaona nyoka, na hata shangazi yako aliyekuwa amezimia asubuhi alicheka. Nikaweka mkono sikioni. Uwanja mzima ukanyamaza, maana kila mtu alikuwa analijua neno linalofuata.

Halikutoka. Nilifungua mdomo halikutoka. Wakasema masikini, uchungu, mtoeni pembeni. Wakanivua shati, wakanipa maji. Uchungu ulikuwepo, siukatai, lakini uliozuia neno lile ulikuwa uongo. Niliinua macho nikamwona mama yako mlangoni, hakulia, ananitazama mimi. Nikatazama chini.

Arobaini yako sikuja. Niliwaambia nina malaria. Nilikuwa mzima, nimekaa kwenye kabati la mninga, nalinganisha mawingu.

Alhamisi iliyopita nilikwenda Narung'ombe. Usiniulize kilichonitoa. Labda ni bati. Mvua ya kwanza ilipogonga nilijikuta nimesimama uani, nimelowa, nimeshika simu, na sina wa kumpigia. Asubuhi yake nikapanda gari.

Nilimkuta mama yako, Bi Somoe, anachambua mbaazi kwenye ungo. Njia nzima nilikuwa nimejipangia maneno mazuri, ya kuzunguka. Yote yalipotea. Nilisema nimesimama, hata begi sijatua. Nikamwambia, mama, Issa aliniuliza hali ya hewa, nikamwambia kweupe, na sikuwa nimetoka nje. Nikamwambia na habari ya bati. Alikuwa anachambua tu. Mbaazi mbovu anazitupia kuku.

Unajua mama yako Kiswahili chake ni cha kuchagua, lugha yake Kimwera, akisema Kiswahili amekusudia. Akaniambia, najua. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Nilimwambia Issa lala, lile wingu si la mchezo. Akaweka simu sauti kubwa, nikakusikia. Mwanangu akaniambia, mama, Mnara kasema kweupe.

Issa, hapo ndipo nilipotua begi. Nilikaa chini palepale mavumbini.

Akasema, ningeyasema msibani wangekutafuna mzima. Nikasema Mnara namwachia mdomo wake, atakuja. Nimengoja mpaka mbaazi nyingine zimeiva. Halafu akawatupia kuku mbaazi nyingine, akasema, naye mwanangu alikuwa na macho, wingu aliliona kama nilivyoliona mimi, alikuwa anatafuta wa kumwambia nenda. Nikataka kushika neno hilo nijifute nalo machozi. Hakuniacha. Akasema, hasira nilikuwa nayo na bado ninayo. Kaa ule.

Nikala ugali na mbaazi za mama yako. Alinihesabia kwa macho mpaka nikamaliza, akaniongeza mchuzi. Kabla sijaondoka alinionyesha mlango wake wa nyuma, bawaba zimelegea, unaburuta chini. Hakuniomba. Alisema tu, mlango huu umeharibika.

Kwako kaburini nilipita, nikang'oa magugu. Nilikuwa na mengi ya kusema pale nikashindwa, ndiyo maana nakuandikia.

Niliporudi nilifungua droo ya misumari.

Wewe mtu mwongo. Uliniambia umekwenda Nambambo kurekebisha redio ya mteja, kumbe umelala chali kwenye majani ya watu unapiga picha mbinguni kwa simu. Na Mkotokuyana hivyo hivyo. Kila wingu umelipa jina kwa mkono wako: wingu la Nambambo baada ya ngurumo, wingu la Mkotokuyana saa nne, wingu la kwa mama, wingu lisilokuwa na maana yoyote. Nimekaa nayasoma majina kabla hata ya kuyaona yenyewe.

Nikayaweka kwenye programu, nikaruka. Mtani, kazi yako ni mbaya. Kingo umezikata kama mtu anayekata kitenge kwa kisu cha jikoni. Halafu lile wingu kubwa, zuri kuliko yote, umesahau kona moja tawi la mkorosho. Na programu inavyorudiarudia picha, tawi lile liko kila mahali. Nimefika futi elfu nane, naona majani ya mkorosho yanaelea mbele, kulia, kushoto, moja karibu na bawa. Nikacheka. Nikacheka mpaka Zainabu akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi. Sijacheka hivyo tangu uende. Halafu kilichofuata Zainabu alikiona, na wewe sina haja ya kukusimulia.

Lakini yale mawingu ni ya kwetu. Yako chini meusi, juu yamevimba, yana hasira yake. Mtu wa Nachingwea akiyaona anaanua nguo kwenye kamba.

Kwa hiyo nimechagua. Zile pakeji nyingine zote nimezifuta, na ile ya moja kwa moja nimeing'oa kabisa. Yako yamebaki, na tawi lake. Nakuahidi sitalikata. Nakuahidi kwamba kila Jumamosi, kabla sijawasha chochote, nitatoka uani, nitazame pande zote nne, halafu niingie niweke kwa mkono kile nilichokiona. Na Jumatatu nakwenda Narung'ombe na randa na bawaba mpya. Nikimaliza mlango nitatafuta kingine kilichoharibika. Akinifukuza nitarudi wiki inayofuata, maana mimi ni mtani, hata kufukuzwa ni sehemu ya kazi yangu.

Kaa salama huko, Kapteni. Hasira zako kama unazo nitunzie, nitakuja kuzichukua mwenyewe.

Leo ni Jumamosi. Saa nane imefika, na kalamu nimeiweka chini mara moja, nimetoka nje, nimerudi kukuandikia hili. Uliniuliza huko kukoje. Upande wa Ruangwa limesimama wingu zito, jeusi chini, na upepo umeshaanza kunuka udongo. Huku si kweupe, Issa. Usije. Lala hapo hapo kwa mama.

Mnara