Vinyama vya Kioo Ndani ya Moteri

Yaya Honorine, dada yangu mukubwa,

Jambo sana, weye na watu wote wa nyumba ya Kikula. Mugongo ya mama inaendelea namna gani? Na weye, kile kikohozi kimekuacha? Minye niko muzima, hata kama leo meli inatikisika na maandiko yangu inapinda.

Juzi ku telefone uliniuliza: "Maji tupu kila siku, hauchoke kuangalia?" Minye pia nilizani ni maji tupu. Unajua meli yetu inabeba watu wa sayansi. Wao wanapima bahari. Minye na Chef, mukubwa wangu wa kazi, tunashugulika na moteri kule chini.

Wiki iliyopita maji iligeuka. Madame Elena, mumoja wa wale wa sayansi, kila asubuhi anashusha sahani nyeupe kwa kamba, aone itapotea machoni ku mita ngapi. Kawaida inashuka sana. Siku ile ikapotea mara moja. Bahari ilikuwa kijani kama maji ya matembele.

Saa sita, moteri ikaanza kuchemka. Tukaizimisha, na upepo ukatusukuma ku majabali ya kisanga, kisiwa kidogo kilichokuwa karibu. Nikafungua filtre, lile chujio pale maji ya bahari inapita kwa kupoza moteri. Yaya! Ilijaa vinyama laini, kila kimoja sawa kidole gumba, unaona ngambo yake kama kioo. Nikatoa ndoo nzima. Tukawasha. Ikaziba tena.

Nikapanda ngazi mbio. "Madame, hivi vinyama vinakaa wapi?"

"Leo viko hapa juu kabisa, ku mwangaza. Vinafuata chakula."

Nikarudia kwa Chef: "Tuvute maji kwa mulango wa chini ya meli."

"Ule umeshika kutu zamani."

"Kutu minye naijua, Chef. Natoka Likasi, muji wa migodi."

Mafuta, nyundo, mafuta tena. Ukafunguka. Moteri ikapoa, tukayaacha majabali nyuma.

Magaribi Madame aliniita ku mikroskopi. Ndani ya tumbo ya kinyama kimoja niliona vidoti vya kijani, vingine vimeshikana kama mukufu.

"Ni mimea," alisema. "Inaelea, haina mizizi. Jua linaingia mita mia mbili hivi, basi. Mimea inaota hapo juu tu, na karibu samaki wote wanaishi kwa sababu yake."

"Na chini?"

"Giza. Kule wanangojea makombo ianguke."

Yaya, nilimuuliza Madame mupaka akacheka: ile mimea inalala? Mvua inaiumiza? Sasa kila asubuhi Chef ananiachilia nusu saa nivute wavu pamoja na Madame. Jana niliona mududu mudogo kuliko punje ya muchele, moyo yake inapiga, naiona kabisa.

Salimia mama, shemeji fundi wa baiskeli, na mama mudogo wa Kapolowe. Ukienda kwake, shuka mupaka ku ziwa, uchote maji ndani ya chupa, uishike mbele ya jua. Kisha uniandikie umeona nini.

Mudogo wako wa damu,
Crispin