Nusu Saa ya Yohana

Mjukuu wangu Nyamizi,

Marahaba. Hapa Kigwa hatujambo. Bibi yako kaumwa na nyuki mdomoni, lakini maneno hayajapungua.

Unasema wenzako chuoni wananung'unika kwa kuwa umeongezewa muda wa mtihani kwa sababu ya macho yako, na sasa unataka kuukataa. Subiri kwanza.

Nilipokuwa nasomea ualimu Tabora mjini, tulikuwa na Yohana, kipofu, aliyeandika kwa mashine ya nukta nundu. Aliongezewa nusu saa. Mimi nikawaongoza wenzangu hadi kwa mkuu wa chuo: "Huu ni upendeleo!"

Mkuu hakubisha. "Haya, kesho nanyi mtaongezewa. Na hakuna kutoka mapema."

Kesho yake muda wa kawaida ulipokwisha, nilikuwa nimeshaandika yote niliyoyajua. Jirani yangu akaanza kukoroma. Mimi nikahesabu mabati ya paa. Aliyeendelea kuandika ni Yohana peke yake.

Tulipotoka akaniuliza, "Mwenzangu, nusu saa imekutosha?"

Nyamizi, usiukatae muda wako. Wakinung'unika tena, waombee na wao waongezewe.

Babu yako, anayekumbuka hadi leo kwamba yale mabati yalikuwa arobaini na mawili.